Wale Wasiorudi

Ukiwaambia watu kwamba unatafuta hela za kusomea kriminolojia, wa kwanza atapapasa mfuko wake, wa pili atauliza kama huo ugonjwa una dawa. Karani alikuwa ameshazoea. Alikuwa akieleza kwa utaratibu kwamba ni elimu ya uhalifu, inayouliza kwa nini mtu anaiba, kwa nini mwingine anaacha, na kwa nini wa tatu haachi hata umfanyeje. Watu waliitikia kwa kichwa, kisha wakaendelea kushika mifuko yao vilevile.

Mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa na jibu moja tu kila alipokuja kumtembelea yeye na baba yake. "Mwizi hasomewi, mpwa wangu. Mwizi anakamatwa."

"Tunamkamata, mjomba. Anatoka, anarudi."

"Basi mnamkamata vibaya," alisema mjomba, akaomba aongezewe chai.

Karani lilikuwa jina la kazi lililomganda. Kwa miaka mingi mwanamke huyu alikuwa karani wa mahakama moja ndogo, kazi yake kuita kesi kwa sauti, kumpelekea hakimu majalada na kuhakikisha shahidi anaapa akiwa amesimama wima. Washtakiwa wengine walikuwa wateja wa kudumu. Walipanda kizimbani wakimsalimia kama watu waliotoka likizo: shikamoo Karani, ule mguu umepona? Kanuni zilimkataza kuzungumza nao, kwa hiyo aliwaitikia kwa nyusi. Jioni, akifunga kabati la majalada, swali lilikuwa lilelile. Huyu naye karudi kwa nini?

Chuo kikuu kilishampokea kusoma shahada ya uzamili. Kupokewa si kazi, kazi ni ada. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama mpaka kiuno kikalia. Mfadhili mmoja alitaka vijana. Mwingine alitaka madaktari na wahandisi. Wa tatu alimjibu kwa adabu kubwa kwamba uhalifu haumo kwenye vipaumbele vyao, jambo ambalo Karani aliliona la ajabu kidogo, maana ofisi za huyo bwana zilikuwa na walinzi kila mlango. Ukabaki mfuko mmoja tu, wa watu binafsi waliojitolea kusaidia mambo ya magereza na urekebishaji. Huo ulikubali fani yake. Tatizo ni umri: mwaka ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake kuruhusiwa kuomba. Ukimpita huo, basi tena.

Usaili ulifanyika kwenye chumba chenye meza ndefu na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Nyuma ya meza walikaa wawili: Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na mzee mmoja aliyestaafu benki, mwenye tabia ya kunyoosha karatasi ambazo tayari zimenyooka. Karani alijibu kila swali kama alivyojifunza. Majibu yalikuwa sahihi na makavu kama mkate wa juzi. Alijisikia mwenyewe akichosha watu. Mwishowe Mwenyekiti akafunga jalada, akatabasamu, akasema, "Haya, tunashukuru. Tutaonana."

Karani akasimama, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akajibu, "Sitaki kukuona tena, mama."

Mwenyekiti akalifungua tena jalada.

Ikabidi aeleze, na alipoanza kueleza hakuweza kuacha. Alikulia kwenye kota za magereza, alisema, na baba yake alikuwa askari wa getini. Nyumba za kota zilikuwa ndefu, zimepakwa chokaa, zimejipanga nyuma ya ukuta wa jela, na kengele ya wafungwa ndiyo iliyokuwa saa ya kila mtu. Ikilia asubuhi, wafungwa wanaamka na watoto wanaamka. Viti vya nyumba zote vilitoka karakana moja ya jela, vyote vikiwa na mgongo uleule ulionyooka, hata shuleni mtoto wa kota alijulikana kwa jinsi alivyokaa wima. Upepo ukivuma kutoka karakana ulileta harufu ya mbao zilizopigwa randa, na mpaka leo akipita mahali pa seremala moyo wake unarudi nyumbani bila kumwomba ruhusa.

Kila Jumamosi watoto walipangwa kwenye baraza la stoo kunyolewa. Aliyenyoa alikuwa mfungwa, mvunja nyumba za watu, aliyekuwa ndani kwa mara ya tatu. Walimwita Kinyozi. Ndani ya ukuta ule mzima yeye ndiye mfungwa pekee aliyeaminiwa mkasi. Baba yake, ambaye kota nzima ilimwita Afande, alikaa pembeni na gazeti la zamani akijifanya anasoma. Kinyozi alikuwa na mtindo wake: akifika kwenye sikio hulikunja kwa kidole gumba, akalilaza taratibu, akasema, "Lilale kidogo hili, limesikia mengi." Karani alikuwa akicheka mpaka anatetemeka kwenye kiti, na gazeti la Afande nalo lilitetemeka. Hakuna mikono iliyowahi kushika kichwa chake kwa upole ule. Alipokuja kujua ile mikono ilikuwa jela kwa kosa gani, alikuwa amechelewa kuiogopa.

Na siku ya mfungwa kutoka, Afande hakuishia getini kama wenzake. Alimsindikiza mpaka njia panda, akasimama naye juani mpaka gari lipatikane, na wakati wa kuachana alimpa mkono na kumwambia, "Sitaki kukuona tena." Hiyo ndiyo ilikuwa dua yake. Ikaenea kota nzima. Wanawake waliagana hivyo kisimani, watoto waliagana hivyo jioni wakiitwa kuoga. Kumwambia mtu "tutaonana" kulikuwa ni kumtakia mabaya. Shangazi yake, dada yake Afande, alikuja kuwatembelea mara moja kutoka mbali, akaagwa kwa sauti moja na wapwa zake wote kwamba hawataki kumwona tena, akanuna miaka.

Mwenyekiti alicheka mpaka miwani ikaanguka na kuning'inia kwenye kamba. Mzee wa benki hakucheka. Alikuwa ameacha kunyoosha karatasi.

"Na walitii?" aliuliza. "Hao wafungwa. Walirudi, hawakurudi?"

"Wengine walirudi."

"Hao najua. Maombi yote yaliyo mezani hapa yanahusu wanaorudi. Wasiorudi nani anawajua?"

Miaka yote Karani alikuwa akiuliza upande mmoja tu wa swali, kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya taa kwa sababu pale ndipo penye mwanga. Akasema, "Hakuna anayewajua, mzee. Ndicho ninachotaka kusoma." Na alipolisema ndipo alipojua kwamba ni kweli.

Wale wawili walitazamana. Mwenyekiti akampa mpaka mwisho wa mwezi. "Tutafutie mmoja. Mtu mmoja tu aliyetoka akaenda moja kwa moja. Ukimpata tutajua utafiti wako unawezekana, na nafasi ni yako."

Afande alikuwa sebuleni, ameketi wima kwenye kiti cha karakana, kiti pekee alichokubali kuhama nacho alipostaafu. Tangu mkewe afariki aliishi na Karani, na bado alitikisa kila kufuli baada ya kulifunga. Karani alimsimulia usaili wote, akamuuliza wale wasiorudi wako wapi.

"Nitajuaje?" alisema Afande. "Wanaorudi ndio niliowaona."

"Hata mmoja hakuwahi kuleta salamu?"

"Salamu za nini, mwanangu? Mtu akitoka jela anapeleka salamu jela?" Alipangusa mkono wa kiti ambao haukuwa na vumbi. "Kazi yangu ilikuwa hivyo. Nikimsindikiza mtu, nisipomwona tena, sijui kama amefanikiwa au amekufa. Nikimwona, najua nimeshindwa. Nimefanya kazi miaka yote ile nikiona walionishinda tu. Siku naagwa walinipa saa ya ukutani, wakasema nimelitumikia taifa. Mimi nilikuwa nawaza sura za waliorudi."

Karani hakuwahi kumsikia baba yake akisema hivyo. Kwake yeye Afande alikuwa ndiye mlango wenyewe. Ilimuuma kugundua kwamba mzee wake alikuwa amestaafu na aibu, akaificha nyuma ya gazeti kama alivyoficha kicheko.

"Kinyozi je?" aliuliza. "Alirudi?"

"Huyo sikumwona tena." Afande alifikiri. "Alipanda lori la saruji. Lilikuwa linarudi kiwandani, huko juu. Hakuniaga vizuri. Alikasirika."

Mji wa kiwanda cha saruji ulikuwa mji wa vumbi jeupe lililokaa juu ya paa na majani. Karani alichukua ruhusa kazini, akaenda. Vinyozi walikuwa wengi, wote na mashine zao zikilia kama nyuki. Aliuliza kinyozi mtu mzima, mgeni wa zamani, anayetumia mkasi. Watu hawakufikiri mara mbili. "Mzee wa Mkasi? Nyuma ya soko. Lakini jiandae, hana haraka yule."

Duka lilikuwa dogo na safi, limepakwa rangi ya kijani mpaka nusu ya ukuta na nyeupe juu yake. Kulikuwa na kioo kirefu, kiti kimoja cha kuzunguka, na benchi la wanaosubiri. Karibu na mlango alikaa mama mmoja mnene akiuza mafuta ya nywele na kupokea fedha, na kwa jinsi alivyomkemea mzee kwa kumwaga nywele nje ya beseni, hakuhitaji kutambulishwa kuwa ni mkewe. Mzee mwenyewe alikuwa na mvi. Karani hakumtambua. Miaka ilikuwa imemchukua yule kijana mwembamba wa kwenye baraza ikamleta mtu mwingine.

Zamu yake ilipofika alikaa, akaomba apunguzwe kidogo. Mkasi ukaanza kutembea. Ukafika sikioni. Kidole gumba kikalikunja sikio, kikalilaza taratibu.

Karani alifumba macho. Alikuwa na miaka saba, kulikuwa na harufu ya randa, mama yake alikuwa hai na alikuwa akimwita aende akaoge. Machozi yalimtoka kabla hajayazuia.

"Nimekukata?" aliuliza mzee.

"Hapana, baba." Alishusha sauti. "Ulikuwa unasema lilale kidogo, limesikia mengi. Mimi ni mtoto wa Afande wa getini."

Mkasi ulisimama. Kwenye kioo mzee alimtazama yeye, kisha akamtazama mkewe. "Mama watoto," aliita, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "hebu niangalizie maji nyuma kule, yasije yakachemka yakaisha." Mkewe akaondoka akinung'unika. Benchini hakukuwa na mtu.

"Hajui," alisema mzee haraka. "Anajua nilijifunza kunyoa kwa mzungu mmoja. Watoto nao wanajua hivyo. Mmoja ni mwalimu."

"Sikuja kukuharibia, baba."

"Afande yupo?"

"Yupo. Alisema ulimkasirikia siku ile."

Mzee alicheka kwa pua, mkasi bado umesimama hewani. "Nilimkasirikia sana. Nje sikuwa na mtu. Mke wa kwanza alishaolewa, kaka zangu walishanizika moyoni. Nilikuwa nimepanga niibe kitu kidogo, nirudi ndani kwa watu wangu. Halafu mtu niliyemnyolea watoto miaka yote ananiambia usoni kwamba hataki kuniona. Nikasema moyoni, sawa, huyu mzee hatanipata ng'o. Kwa hasira tu. Mwaka wa kwanza ulikuwa hasira, wa pili hasira. Baadaye nikawa na duka, nikasahau kukasirika."

Alianza tena kukata, polepole. "Wewe usiniandike popote, mwanangu. Mke wa yule mtoto wangu mwalimu anatoka kwa watu wakubwa."

Karani alikuwa na simu mkobani, na kwenye simu alikuwa na namba ya Mwenyekiti. Alimwambia hatamwandika. Mama alirudi akisema maji hayajaanza hata kutokota, kwani mzee ana nini leo. Karani hakuruhusiwa kulipa, na mama alimtazama mumewe kwa mshangao mkubwa, maana haikuwahi kutokea.

Mwisho wa mwezi alikaa tena mbele ya meza ndefu. Aliwasimulia yote, ila mji na jina. Mwenyekiti alisikiliza ameshika shavu. Mzee wa benki alifurahi waziwazi, akapiga meza kidogo kwa kiganja.

"Huyo ndiye. Sasa tunahitaji jina lake na picha, amesimama mlangoni pa duka. Kila mwaka tunatoa kitabu kwa wachangiaji wetu. Wao hawatoi kwa maneno, wanataka kuona mtu."

"Siwezi, mzee."

"Picha moja tu. Hatuna nia mbaya."

"Najua hamna. Lakini mtu huyu hakurudi kwa sababu hakuna anayemjua. Kitabu kikitoka, mimi ndiye nitakayekuwa nimemrudisha."

Mwenyekiti alijaribu. Aliuliza kama picha ingepigwa kwa nyuma, kama jina lingebadilishwa. Mzee wa benki alisema, bila ukali, kwamba mtu asiye na sura na jina yeyote anaweza kumtunga nyumbani kwake, na mfuko una utaratibu. Wakamgeukia Karani. Hakuwa shujaa wakati ule. Aliitaka ile nafasi mpaka meno yalimuuma. Alimwona akilini mama mnene wa mafuta ya nywele akifunuliwa kitabu na jirani, akaona mkono wake ukisimama kwenye ukurasa.

"Binti," alisema Mwenyekiti, "unajua mwakani umri unakutupa nje?"

"Najua, mama."

Alijikaza kisabuni mpaka barabarani. Huko akasimama nyuma ya kibanda cha magazeti akalia, kwa sauti, kama mtoto aliyenyang'anywa, na muuza magazeti akajifanya anapanga magazeti yake upya. Alilia kwa sababu ya ada, na kwa sababu ya miaka, na kwa sababu alijua kwamba hata wangemuuliza mara ya pili angejibu vilevile.

Nyumbani Afande alikuwa amepiga pasi shati lake na sasa alikuwa akilitundika. Karani alikuwa ameahirisha kumwambia habari za safari mpaka mambo ya mfuko yaishe, asije akamtia tumaini bure. Akaketi kitandani.

"Baba, nimemwona Kinyozi."

Mkono wa Afande ulibaki juu ya hanga. Mabega yake yalishuka. "Mahakamani kwenu?" aliuliza. "Kesi gani tena?"

"Hapana, baba. Dukani kwake."

Afande aligeuka, shati mkononi. "Duka la nani?"

"Lake. Ana kiti cha kuzunguka na kioo kirefu. Ana mke, mkali kidogo, anamgombeza kwa kumwaga nywele. Ana mtoto mwalimu. Anasema alikaa nje kwa hasira yako."

Afande alitafuta mahali pa kukaa, akakaa palipokuwa karibu, juu ya sanduku. Hakuwa na gazeti mkononi, kwa hiyo akalia hivihivi, uso wazi, machozi yakishuka kwenye mashavu aliyokuwa amenyoa asubuhi kwa uangalifu. Karani alimshika goti. Hakujua kama alikuwa akilia naye au akifurahi naye, na haikuwa na maana kujua.

"Na hela za shule?" aliuliza Afande hatimaye, akijipangusa kwa mkono wa lile shati alilolipiga pasi. "Wamekupa?"

"Bado natafuta, baba."

Afande alimtazama sana. Alikuwa askari wa getini, alijua mtu aliyerudi mikono mitupu anavyokaa, na pengine alielewa na sababu yake. Hakuuliza. Akamwomba amsimulie tena, tangu anaingia, bila kuruka kitu, na kwanza amwambie duka limepakwa rangi gani.